HESABU ZA NYUMBANI: Ujira Huu ni wa Shati Lipi?



Miongoni mwa barua zilizofika mezani pangu mwezi huu imo moja iliyonifanya niiache chai ipoe. Mwandishi wake ni mama mmoja, mke wa sajini, akaaye katika kota za kambi moja upande wa mashariki wa nchi yetu ya Uganda. Jina lake na la kambi yake nimeyahifadhi, kama alivyoomba. Yeye na wenzake wana chumba cha ushonaji karibu na lango la kambi, ambamo hushona sare za wanafunzi, mashuka, na nguo za watoto. Mtaji wao ulitokana na mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Wengi wenu mnavijua vyama vya namna hiyo, kama Wazalendo kwa upande wa wanajeshi na Exodus kwa upande wa polisi. Mkopo huo uliombwa na waume zao, na marejesho hukatwa kila mwezi katika mishahara ya waume hao kabla haijafika nyumbani. Kwa hiyo chumba kile kikianguka, si cherehani tu zitakazopotea. Sufuria pia itajua.

Mama huyu aeleza kwamba mwezi wa Januari walipata oda kubwa ya mashati kutoka shule fulani. Wakafanya kazi jioni kwa majuma mawili, wakalipana saa za ziada, au ovataimu kama tulivyozoea kusema, na mwisho mweka hazina wao akatoa hesabu iliyoonyesha kwamba oda ile ya shule imeleta faida nono, na kwamba mashati ya kila siku, yanunuliwayo mojamoja na akina mama wa jirani, karibu hayana faida. Wakaamua kupandisha bei ya mashati ya kila siku kutoka shilingi 14,000 hadi 15,000, na kutafuta oda nyingine za shule za kushonwa usiku. Mwezi wa Machi wateja wa jirani walikuwa wamehamia kwa fundi wa sokoni, na kasha la fedha lilikuwa jepesi kuliko mwezi wa Desemba. Sasa chumbani mna maneno. Wapo wasemao washonaji walipwe saa za jioni kwa kiwango kile kile cha mchana. Wapo wasemao msichana afagiaye aachishwe kazi. Na yupo mshonaji mmoja kijana, binti wa koplo, ambaye huambiwa mbele ya wenzake kwamba mashati yake ndiyo ghali kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa jioni nyingi zaidi.

Pamoja na barua, mama alinipelekea nakala ya kurasa nne za daftari la hesabu. Nimezisoma mara tatu. Hakuna aliyeiba, na jumla zote ni sahihi hata senti. Kosa limo katika jambo moja tu: ujira umewekwa katika kikapu kisicho chake.

Katika kazi yoyote ya kutengeneza kitu, iwe ni kushona shati, kuoka mikate au kufyatua matofali, ujira hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ujira wa moja kwa moja, yaani ule unaoweza kuunyoshea kidole na kusema: fedha hii imeingia katika shati hili. Mkataji akatapo kitambaa cha shati, na mshonaji aunganishapo mikono na ukosi, saa zao zimeingia katika nguo, nawe waweza kuzihesabu. Fungu la pili ni ujira usio wa moja kwa moja, ule wa kuihudumia kazi bila kuigusa nguo. Mlinzi wa usiku halindi shati moja. Analinda chumba kizima. Msimamizi agawaye uzi na kuandika oda anawatumikia wote. Msichana afagiaye vipande vya kitambaa hawezi kukuambia kwamba ufagio wa Jumanne ulikuwa wa shati la mtoto wa fulani. Ujira wa watu hawa ni wa lazima kabisa, lakini sharti ugawanywe juu ya kazi zote kwa kipimo kinachofaa, na mara nyingi kipimo hicho huwa ni saa za washonaji.

Tazameni, hata hivyo, kwamba kinachoainishwa ni saa, wala si mtu. Hapa wengi hujikwaa. Mshonaji hodari akitumia nusu saa kutia mafuta cherehani na kupangusa meza, nusu saa ile si ya shati lolote, nayo yaingia katika fungu la pili, ingawa yeye mwenyewe ni mshonaji. Na msimamizi akiketi kwenye cherehani siku ya msongamano na kushona vifungo kwa saa tatu, saa zile tatu ni za moja kwa moja. Jina la cheo halishoni.

Mambo haya si mageni ulimwenguni. Mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, Josiah Wedgwood, alilazimika kuketi na vitabu vyake mwaka 1772, biashara ilipodorora, akitaka kujua kila chombo kinamgharimu kiasi gani. Aligundua kwamba gharama nyingine, kama vile kodi na mishahara ya makarani, huenda mwendo ule ule vyombo viwe vingi ama vichache. Alipozidi kuchimbua aligundua pia kwamba karani wake mkuu alikuwa akimwibia, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine, nami nimekwisha kusema kwamba mweka hazina wetu ni mwaminifu.

Haya, tulifungue daftari lenyewe. Mama ameniruhusu kutumia viwango vyao, ila nimeviviringisha kidogo ili vihesabike kwa urahisi.

Chumbani mna watu watano wa kazi ya mkono, yaani washonaji wanne na mkataji mmoja. Kila mmoja hulipwa shilingi 1,500 kwa saa, na juma lao lina saa 48. Watu watano mara saa 48 ni saa 240, na ujira wao ni shilingi 360,000 kwa juma. Kando yao yupo msimamizi, ambaye ni huyu mama mwenyewe, alipwaye shilingi 2,000 kwa saa, sawa na shilingi 96,000 kwa juma. Yupo mlinzi, mzee aliyestaafu jeshi, apataye shilingi 48,000. Na yupo msichana afagiaye nusu siku kwa shilingi 36,000. Jumla ya hawa watatu ni shilingi 180,000. Ukizigawanya kwa saa 240 za kazi ya mkono, kila saa ya cherehani yabeba mgongoni shilingi 750 za watu wasioshona. Nimehesabu saa zote 240 kana kwamba hakuna inayopotea. Kwa kweli zipo zinazopotea, nasi tutaziendea.

Shati moja la shule huchukua saa mbili pamoja na kukatwa. Basi ujira wa moja kwa moja ni shilingi 3,000, na sehemu yake ya ujira mwingine ni shilingi 1,500. Kitambaa, uzi na vifungo ni shilingi 7,000. Kodi ya chumba na umeme wameviweka shilingi 1,000 kwa shati. Jumla ni shilingi 12,500. Shati liliuzwa shilingi 14,000, na faida ilikuwa shilingi 1,500. Hesabu nzuri, nayo ndiyo iliyowalisha na kulipa mkopo hadi Desemba.

Ikaja Januari. Kama mjuavyo, muhula wa kwanza hufunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na kila mzazi hukumbuka sare siku ileile. Shule ikaomba mashati 40 katika majuma mawili, tena ikaomba bei ipunguzwe hadi shilingi 13,000 kwa kuwa mashati ni mengi. Kazi ya kawaida ilikwisha kujaza saa zote 240 za kila juma. Mashati 40 yalihitaji saa 80. Kwa hiyo watu watano wakabaki saa mbili zaidi kwa jioni nne za kila juma, yaani saa 8 kwa mtu, mpaka saa 80 zikatimia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yasema wazi juu ya jambo hili. Saa zinazozidi 8 kwa siku au 48 kwa juma hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida ikiwa ni siku ya kazi, na mara mbili ikiwa ni sikukuu iliyotangazwa na serikali. Basi saa ya jioni haikuwa shilingi 1,500 tena, ila 2,250, na saa 80 zikagharimu shilingi 180,000. Msimamizi naye alibaki saa 16 kufungua stoo na kukagua kazi, akalipwa shilingi 3,000 kwa saa, jumla shilingi 48,000.

(Najua baadhi ya mabwana wasomao ukurasa huu wanacheka. Sheria ile haiwahusu wanajeshi, isipokuwa watumishi wao wa kiraia, na askari aliyekesha zamu ya ulinzi hajawahi kuandikiwa saa moja na nusu. Lakini mkeo si kuruta, bwana, na chumba cha ushonaji si kituo cha ulinzi.)

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Mweka hazina alijiambia kwamba ovataimu si ujira wa kawaida, kwa hiyo ni gharama ya jumla, akaitupa yote katika fungu la pili: shilingi 180,000 za washonaji pamoja na shilingi 48,000 za msimamizi. Katika majuma mawili fungu hilo lilikuwa na shilingi 360,000 za kawaida; likavimba kufikia shilingi 588,000. Akazigawanya kwa saa zote zilizofanywa, 480 za mchana na 80 za jioni, yaani 560, akapata shilingi 1,050 kwa saa.

Tazama matokeo. Shati la kila siku likaandikwa kitambaa 7,000, ujira wa mkono 3,000, ujira mwingine 2,100, kodi na umeme 1,000; jumla shilingi 13,100. Faida yake ikashuka kutoka 1,500 hadi 900. Shati la shule nalo likaandikwa kitambaa 7,000, ujira mwingine 2,100, kodi na umeme 1,000. Na ujira wa mkono? Hapana kitu, maana ujira wake wote ulikuwa umekwisha kutupwa katika fungu la pili. Jumla shilingi 10,100! Liliuzwa 13,000, kwa hiyo likaonekana limeleta faida ya shilingi 2,900. Kwa maandishi yale, shati lililoshonwa mchana kwa ujira wa kawaida ni ghali, na shati lililoshonwa jioni kwa ujira wa moja na nusu ni rahisi. Yeyote aliyewahi kulipa ovataimu angelishtuka. Lakini tarakimu zilizopangwa vizuri, zenye mstari mwekundu chini yake, huwafumba watu macho, na sisi wanawake tunaoheshimu daftari kuliko masikio yetu tuna hatari zaidi.

Ningeliandikaje mimi?

Kwanza ningeliipasua ovataimu vipande viwili. Saa ya shilingi 2,250 ina kipande cha shilingi 1,500, ambacho ni ujira wa kawaida wa saa yoyote, na kipande cha shilingi 750, ambacho ni nyongeza iliyolipwa kwa sababu jua limekwisha kutua. Kipande cha kwanza hakina mjadala. Mshonaji ameshona shati, iwe mchana iwe jioni, na shilingi 1,500 zake ni za moja kwa moja. Saa 80 zatoa shilingi 120,000, ambazo ni shilingi 3,000 kwa kila shati la shule, sawasawa na shati la mchana.

Kipande cha pili, ile nyongeza ya shilingi 750, ndicho chenye swali, na jibu lake hutegemea jambo moja: ni nani aliyesababisha watu wabaki jioni?

Ikiwa chumba kina kazi nyingi za watu mbalimbali zilizochanganyika, na jioni hutokea kwa kuwa mchana hautoshi, basi nyongeza haimhusu mteja mmoja. Shati la mama wa Jumatatu lilishonwa mchana kwa bahati tu, na la mama wa Ijumaa likaangukia jioni kwa bahati tu. Si haki kumwambia wa Ijumaa alipe zaidi, wakati kama si kazi ya wa Jumatatu naye angelishonewa mchana. Hapo nyongeza yote huingia katika fungu la pili na kugawanywa kwa wote. Kwa saa 80 ni shilingi 60,000. Ukizigawanya kwa saa 560, kila saa yabeba shilingi 107 hivi, na kila shati shilingi 214. Hakuna atakayehama kwa fedha hiyo. Hivyo ndivyo inavyofaa kufanywa wakati wa Krismasi, kila mtu atakapo gauni lake.

Lakini ikiwa mteja mmoja ndiye aliyekuja na haraka yake, akasema nataka mashati 40 kabla ya tarehe fulani, na pasipo oda yake watu wangelikwenda nyumbani saa kumi na moja jioni, basi nyongeza ile ni yake. Huandikwa moja kwa moja katika oda yake, na mteja mwingine asiguswe. Katika barua hii ndivyo ilivyokuwa. Hata shilingi 48,000 za msimamizi, ambazo kwa desturi ni za fungu la pili, zilitokana na oda ile peke yake, na mahali pake ni pale pale.

Basi oda ya shule iliandikwe hivi. Kitambaa, uzi na vifungo vya mashati 40, shilingi 280,000. Ujira wa kawaida wa saa 80, shilingi 120,000. Nyongeza ya jioni, shilingi 60,000. Ovataimu ya msimamizi, shilingi 48,000. Umeme uliotumika jioni, kwa kuisoma mita, shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 520,000. Shule ililipa mashati 40 kwa shilingi 13,000, ambazo ni shilingi 520,000.

Nilipofika hapo niliirudia hesabu, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Majuma mawili ya kubaki jioni, watoto wakipikiwa na majirani, chumba hakikupata hata shilingi moja ya kupeleka kwenye mkopo, wala ya kusaidia kodi ya chumba na mshahara wa mlinzi. Na mashati ya kila siku, yaliyolaumiwa, yalikuwa bado yanaleta shilingi zake 1,500 kama siku zote, mpaka bei ilipopandishwa na wenye kuyanunua wakaenda zao.

Kwa hiyo, mama, binti wa koplo hana kosa. Shati alilolishona jioni lina saa mbili zilezile na mishono ileile. Shilingi 750 za nyongeza hazikuletwa na mkono wake. Zililetwa na yule aliyeikubali tarehe ya shule bila kuuliza bei yake, na nadhani unajua ni nani aliyeketi mezani siku ile. Yafaa aambiwe hivyo mbele ya wale wale waliosikia akilaumiwa. Na shauri la kulipa jioni kwa kiwango cha mchana liachwe kabisa. Pamoja na kuwa ni kinyume cha sheria, lingeliwafanya washonaji walipie punguzo alilopewa mwalimu mkuu. Sheria yaweka pia mpaka wa saa zenyewe, kwa kawaida zisizidi 10 kwa siku au 56 kwa juma pamoja na ovataimu, nanyi mlifika ukingoni kabisa. Laiti shule ingelitaka mashati 80, msingeliweza kuyatoa kwa watu watano.

Juu ya msichana afagiaye nitasema kwa kifupi. Watu wanapoona fungu la pili limevimba, humtafuta aliye mnyonge kuliko wote ndani yake. Shilingi 36,000 zake hazikuongezeka hata senti Januari. Mkimwondoa, washonaji watafagia wenyewe, na kila saa wafagiayo ni saa ya shilingi 1,500 iliyotoka kwenye cherehani. Pigeni hesabu ya saa 24 kabla ya kumwandikia barua ya kuachishwa.

Sasa nizirudie zile saa zinazopotea, maana hapa pana fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mshonaji hulipwa saa 48, lakini hashoni saa 48. Hungoja kitambaa kikatwe, hubadili sindano, na umeme ukikatika saa moja alasiri hukaa na kusuka ukili. Saa za namna hiyo, ambazo hutokea kila juma na kila mtu anazitarajia, huingia katika fungu la pili, na wateja wote huzibeba, kwa sababu hakuna chumba cha ushonaji duniani kisicho nazo. Lakini yako matukio yasiyo ya kawaida. Transfoma ikiungua na mtaa ukakaa kiza siku tatu, watu watano walipwe na wasishone, ni saa 120 na shilingi 180,000. Hizo zisipakwe juu ya mashati. Kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 2, ile ihusuyo mali iliyo ghalani, yasema hivyohivyo kwa viwanda vikubwa: kazi iliyopotea kwa namna isiyo ya kawaida haiingizwi katika gharama ya bidhaa, bali huandikwa kuwa hasara ya kipindi kile. Na kama baada ya transfoma kutengenezwa watu watabaki jioni kufidia, nyongeza ya jioni hizo nayo ni ya ajali, si ya mteja. Ukimtoza mama wa jirani gharama ya transfoma, atakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili ambao haukukosa umeme.

Jambo jingine ambalo sikulitia katika tarakimu zangu ni mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mwajiri huchangia asilimia 10 juu ya mshahara, na mfanyakazi hukatwa asilimia 5. Zamani chumba chenye watu wasiofika watano hakikulazimishwa, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamewaingiza waajiri wote, hata mwenye mtu mmoja. Sehemu ya mwajiri huufuata ujira popote uendapo: saa ya mshonaji yenye shilingi 1,500 kwa kweli ni shilingi 1,650, nayo ni ya moja kwa moja, mchango wa mlinzi hukaa na mlinzi katika fungu la pili.

Na je, mama mwenye chumba chake peke yake, asiyejilipa kitu? Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Sheria ya Ajira haikuguswi wewe mwenyewe, wala haiwagusi jamaa unaowalea wakifanya kazi katika shughuli ya nyumbani, ikiwa ni wao tu na hawazidi watano. Hata hivyo andika saa zako katika daftari kwa kiwango ambacho ungelimlipa mtu mwingine. Nimewajua wanawake walioshona miaka saba wakidhani shati lina faida ya shilingi 4,000, kumbe faida yote ilikuwa ni jasho lao lisiloandikwa. Siku walipougua na kumwajiri mtu, faida ikatoweka asubuhi ileile.

Ili haya yote yawezekane, hamhitaji karani wala mashine. Yatosha daftari la shule lenye mistari, liwekwe karibu na mlango na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kalamu za chumbani zina miguu. Kila mtu, kabla ya kuondoka, aandike mistari michache: jina lake, kazi aliyofanya, oda ya nani, saa ngapi za mchana, saa ngapi za jioni, na saa ngapi alizongoja au kusafisha. Asiyejua kuandika asaidiwe na jirani yake. Yasiandikwe Jumamosi kwa kukumbuka, kwa sababu Jumamosi kila mtu hukumbuka kwamba alishona tu. Na pale penye saa za jioni, msimamizi aandike neno moja la sababu: haraka ya mteja, wingi wa kazi, au ajali. Neno hilo moja ndilo lililokosekana katika kurasa nne nilizoletewa.

Mama ameuliza mwishoni afanye nini shule ikirudi. Mimi ningelirudisha kwanza shati la jirani kwenye shilingi 14,000, na kutuma mtu nyumba kwa nyumba kuwaarifu waliohama. Kisha ningelimwandikia mwalimu mkuu bei mbili. Akileta oda yake mwezi wa Novemba, kazi ikiwa chache, na mashati yakashonwa mchana, bei ni shilingi 13,500, na chumba kitapata 1,000 kwa kila shati baada ya kulipa kila mtu sehemu yake. Akileta Januari na kutaka katika majuma mawili, bei ni shilingi 15,000, na katika mashati 40 zitabaki shilingi 80,000. Na akitaka yashonwe tarehe 26 Januari, ambayo ni sikukuu iliyotangazwa, ajue kwamba saa ya siku ile ni shilingi 3,000 na bei yake itaandikwa peke yake. Barua hiyo ipelekwe mapema, mwezi wa Oktoba, kabla mwalimu mkuu hajaanza kuwaza mambo ya Krismasi.